KERENG'ENDE, MGENI AJAYE NA PEPO ZA KASKAZI

Mvua za vuli zinapoanza, watu wa Mtopanga, upande wa Kisauni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huwaona kereng'ende wengi wakirukaruka juu ya viwanja na madimbwi. Asidhaniwe yule ndege aitwaye kwa jina hilo hilo. Huyu ni mdudu mwenye mabawa manne, macho makubwa na kiwiliwili chembamba. Wako watu wamwogopao, lakini hana mwiba wala sumu.

Jamaa ya kereng'ende ina namna nyingi. Mmoja ajulikanaye sana ni wa rangi ya manjano, urefu wake haufiki inchi 2, na wataalamu humwita Pantala flavescens. Bwana Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyekaa miaka mingi katika visiwa vya Maldivi, aliona ya kuwa kila mwaka, tangu Oktoba, wadudu hawa hufika huko kwa wingi, ingawa visiwa hivyo karibu havina maji matamu juu ya ardhi ambamo wangeweza kuzaliwa. Mwaka 2009 alitoa maelezo yake: hutoka Bara Hindi, huchukuliwa na pepo za juu mpaka Maldivi na Shelisheli, kisha hufika Afrika ya Mashariki, na watoto wao hurudi kwa pepo za kusi. Ndiyo desturi ile ile ya majahazi ya zamani. Alikadiria kwamba safari nzima, kwenda na kurudi, yapata maili 9,000 hadi 11,000, nayo humalizwa na vizazi vinne.

Kwa nini asafiri hivyo? Kwa sababu hufuata mvua. Wadudu wengine wa majini, kama wale wajifichao chini ya mawe ya mito ya milimani, hutaka maji baridi yaendayo mbio. Lakini huyu hutaga mayai yake katika dimbwi la mvua. Buu lake hukaa majini bila mabawa. Chini ya kichwa chake pana mdomo mrefu uliokunjwa kama mkono. Lionapo windo huufyatua ghafula na kulinasa. Likifukuzwa, husukuma maji kwa nguvu kwa nyuma, likaenda mbele kama mshale. Baada ya wiki 6 hivi hupanda jani wakati wa usiku, hujivua ngozi, na kutoka likiwa kereng'ende kamili.

Katika mawindo ya buu hilo wamo viluwiluwi vya mbu. Huko Yangon, katika nchi ya Mianma, wataalamu walitia mabuu ya kereng'ende wa namna nyingine katika vyombo vya maji vya nyumbani, na kwa habari iliyotolewa mwaka 1990, mbu waletao homa ya dengi walipungua sana. Jambo hili lawahusu watu wa Mombasa, maana homa hiyo, iitwayo pia kidingapopo, iliwasumbua wengi mwaka 2013 na 2014.

Lakini yapasa kufahamu hesabu moja. Katika joto la pwani, mbu huweza kukamilika kwa muda wa siku 10 au chini yake, na kereng'ende huhitaji wiki nyingi. Kwa hiyo makopo, magurudumu ya zamani na vidimbwi vikaukavyo upesi huwafaa mbu tu. Hivyo vimwagwe au vifukiwe, na mapipa ya maji yafunikwe. Bali ziwa dogo lidumulo, lenye majani na wadudu wengi, lisitiwe mafuta machafu wala takataka, kwa kuwa likifa, walinzi hufa pamoja nalo. Mbu nao hurudi kwanza.

Watoto nao waonywe wasiwakamate kereng'ende na kuwafunga uzi. Hata hivyo, mgeni huyu si badala ya chandarua. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.