Je, Wajua? Seminari Ndogo ya Ndera na Mizizi Yake

Seminari Ndogo ya Mtakatifu Vincent iliyoko Ndera, wilayani Gasabo, jijini Kigali, ni mrithi wa utaratibu uliowekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563, ulioagiza kila jimbo la Kanisa Katoliki liwe na chuo cha kuwalea vijana wanaoelekea upadri. Seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni ambamo masomo ya kawaida huenda pamoja na sala na malezi ya wito, ingawa si kila mhitimu huwa padri.

Nchini Rwanda, Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadri Weupe, walifungua misheni ya kwanza huko Save mwaka 1900, na mwaka 1917 Balthazar Gafuku na Donat Reberaho wakawa Wanyarwanda wa kwanza kupewa upadri. Jimbo Kuu la Kigali, ambalo ndilo lenye seminari ya Ndera, liliundwa mwaka 1976.

Historia hiyo ina jeraha zito, kwa kuwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi waliokimbilia seminarini humo waliuawa, na kuwakumbuka ni wajibu wa kila anayesimulia habari za shule hiyo.