Je, Wajua? Si Kila Jiwe Kali ni Ncha ya Mshale

Je, wajua kuwa dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu imo kwenye mishipa ya kwatzi, na kwamba mafundi wa Zama za Mawe nchini Tanzania walichonga ncha nyingi kwa kwatzi hiyohiyo?

Je, wajua kuwa vipande vinavyotemwa na karasha, yaani mashine ya kupondea mawe, huweza kukata kidole, lakini makali yake hayana mpangilio? Ncha iliyochongwa huwa na makovu madogo yanayofuatana ukingoni, na kingo zake mbili hukaribia kulingana.

Je, wajua kuwa mtaalamu hukagua kitako cha ncha mapema? Mara nyingi fundi alikipunguza unene ili kiingie kwenye mpini. Kitako kinene kilichoachwa kilivyo humtia mtaalamu shaka.

Je, wajua kuwa kioo cha volkano, yaani obsidiani, huonyesha pigo la fundi waziwazi? Mahali alipogonga pana uvimbe mdogo, na kutoka hapo mistari hutawanyika kama viwimbi vya maji. Kwatzi hupasuka ovyo, kwa hiyo kuitambua kunataka jicho lililozoea.

Je, wajua kuwa obsidiani husema ilikotoka? Kila volkano ina kemia yake. Vipande vilivyochimbuliwa katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, vilipimwa na kuonekana vimetoka Bonde la Ufa la Kenya, upande wa Naivasha, umbali wa kilomita 300 hivi. Huko Mexico, obsidiani ya kijani huwaelekeza wataalamu Pachuca.

Je, wajua kuwa ncha iliyovunjika ina thamani? Ncha za Gademotta, Ethiopia, zina umri wa takriban miaka 280,000. Kutokana na mivunjiko yake, watafiti walieleza kuwa zilifungwa kwenye mikuki ya kurusha.

Je, wajua kuwa si kila ncha ni ya jiwe? Katanda, mashariki mwa Kongo, zimepatikana ncha za mfupa zenye miiba, zinazokadiriwa kuwa na miaka 90,000. Wahadzabe wa Eyasi nao hufua misumari wakapata vigumba vya mishale.

Je, wajua kuwa umri wa ncha kwa kawaida hausomwi kwenye jiwe lenyewe? Husomwa kwenye tabaka la udongo, mkaa na mifupa iliyolala nayo. Ikishatiwa mfukoni, ushahidi huo umepotea.

Je, wajua kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vifaa vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863? Ukikutana na ncha kwenye kifusi cha duara, yaani shimo la wachimbaji, ipige picha ikiwa palepale, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, kisha toa taarifa serikalini kabla jembe halijapita.