Mtoto mkimya aliyemshika mama yake mkono

Juma hili tunawapeleka mbali, mpaka London, mji mkuu wa Uingereza. Ilikuwa tarehe 8 mwezi wa pili, mwaka 2022, usiku. Ndani ya ukumbi mkubwa unaoitwa O2, wanamuziki wa nchi ile walikuwa wamekusanyika kupokea zawadi za BRIT, zawadi ambazo kila mwimbaji wa kule anazitamani. Ilipofika zamu ya kumtaja msanii mpya bora, likasomwa jina la Little Simz. Msichana akasimama, lakini hakwenda peke yake. Alipanda jukwaani pamoja na mama yake.

Mbele ya watu wote wale alimwonyesha mama matunda ya kazi yake. Kisha akasema na vijana waliokua kama yeye katika nyumba zinazopangishwa na komini: waendelee kuota, waendelee kusukuma, kwa kuwa yeye ni mmoja wao.

Kwa nini tunawaletea habari hii katika gazeti letu la familia? Kwa sababu karibu kila nyumba ina mtoto ambaye siku moja anasema, «Mama, mimi nataka kuimba,» au «Nataka kucheza filamu.» Mara moja nyumba inajaa maneno. Baba anauliza kama ndiyo sababu ya kulipa minervali. Shangazi anasema muziki ni njia ya kupotea. Mama yuko katikati, hajui kama afungue mlango au aufunge. Tulipenda kuangalia maisha ya mmoja ambaye mlango wake ulifunguliwa, na kuona kilichomgharimu.

NYUMBANI KWAO

Jina lake kamili ni Simbiatu Abisola Abiola Ajikawo. Nyumbani wanamkata tu: Simbi. Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1994, upande wa kaskazini wa London, katika mtaa wa Islington. Wazazi wake walitoka Nigeria, ni Wayoruba. Baba hakukaa nyumbani kwa muda mrefu. Jambo hilo lilimwachia mtoto kidonda, na miaka mingi baadaye, mwaka 2021, alitoa wimbo mzima unaosema juu ya kumpenda na kumchukia baba yule yule. Wamama wanaolea peke yao wanajua kwamba mtoto anaweza kunyamaza miaka mingi, lakini swali lake halilali.

Mama ndiye aliyeshika nyumba. Tena hakulea watoto wake tu, alipokea pia watoto wa watu wengine ambao hawakuweza kukaa na wazazi wao, akawalea chini ya paa moja na wake. Simbi alikuwa kitinda mimba. Alikua akiona mama anagawa chakula, nafasi na upendo kwa watu wengi, na hakuna anayeambiwa hapa si kwenu.

KITUO CHA VIJANA

Karibu na nyumbani, kwenye barabara ya Upper Street, kulikuwa na kituo cha vijana cha St Mary's. Watoto waliingia pale baada ya masomo kucheza ngoma, kuimba na kujifunza mbele ya wenzao. Kabla ya Simbi, kituo hicho hicho kilipitiwa na Leona Lewis na Alexandra Burke, waimbaji wawili ambao Uingereza yote inawajua. Simbi aliingia akiwa mtoto mdogo, na pale ndipo mtoto mkimya alipozoea kusimama mbele ya watu.

Hapa tusimame kidogo. Watu wanapenda kusema kipaji ni zawadi ya kuzaliwa nayo. Ni kweli, lakini zawadi inahitaji mahali pa kufunguliwa. Chumba kimoja chenye kipaza sauti na mtu mzima mwenye uvumilivu kinaweza kutosha. Baada ya mwaka 2010, serikali za mitaa za Uingereza zilipopunguziwa pesa, vituo vingi vya namna hii vilifungwa. Watoto waliokuwa wakipita mle jioni walibaki barabarani.

MUZIKI WA GRAIMU NI NINI?

Wengi wenu mtauliza ni muziki gani huo. Graimu ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashariki ya London, hasa upande wa Bow. Ni muziki wa haraka, mapigo 140 kwa dakika, na juu yake kijana anasema maneno mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Walioanza walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na Afrika. Redio kubwa hazikuwapigia nyimbo, kwa hiyo walirusha sauti zao kupitia redio za magendo zilizofichwa juu ya maghorofa. Mwaka 2003 kijana wa Bow, Dizzee Rascal, alishinda zawadi ya Mercury inayotolewa kwa albamu bora ya mwaka, na hapo watu wakubwa wakaanza kusikiliza.

Simbi alikulia ndani ya sauti hiyo. Muziki wake unachanganya graimu, rapu ya Marekani, nyimbo za roho na ladha ya Nigeria. Lakini kitu kinachomtofautisha ni maneno. Vijana wengi wa graimu walijisifu. Yeye aliandika juu ya woga wake, familia yake, na ugumu wa kuwa msichana katika kazi iliyojaa wanaume.

KUCHEZA FILAMU

Kabla ya kujulikana kwa muziki, alionekana kwanza kwenye televisheni. Mwaka 2010 alicheza katika Spirit Warriors, mfululizo wa watoto. Mwaka 2013 akacheza katika Youngers, hadithi ya vijana wa London wanaotafuta njia katika muziki.

Kisha ikaja Top Boy. Mfululizo huu ulianza mwaka 2011 na unaonyesha maisha ya mtaa wa kubuniwa, Summerhouse, mashariki ya London, ambako biashara ya madawa ya kulevya inakula vijana. Ulisimama baada ya mwaka 2013, ukarudi kwenye Netflix mwaka 2019, ukamalizika mwaka 2023. Mwaka 2024 ulipata zawadi ya BAFTA ya mfululizo bora. Waimbaji wengi wamecheza ndani yake: Kano, mmoja wa wakongwe wa graimu, ndiye Sully, Ashley Walters, aliyetoka kikundi cha So Solid Crew, ndiye Dushane, hata Dave alipita humo.

Simbi alicheza Shelley, mama kijana mwenye binti, anayefanya kazi ya kutunza watu na baadaye kufungua nyumba ya kutengeneza kucha. Anampenda mwanaume ambaye pesa zake zina damu, na kila siku anapaswa kuchagua kati ya moyo wake na usalama wa mtoto wake. Wamama wangapi wanalijua jambo hilo bila kuwa wamefika London? Tunawaonya hata hivyo: Top Boy ina mauaji na matusi mengi. Si ya kuangalia pamoja na watoto.

CHAKO NI CHAKO

Sasa tufike kwenye jambo lililotugusa zaidi. Simbi alianza masomo ya chuo kikuu upande wa ufundi wa muziki, lakini hakuyamaliza. Hatusemi hivyo ili watoto wetu waache masomo. Tunasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu hakuacha ili akae bure. Alikuwa tayari akitoa kazi yake mwenyewe, moja baada ya nyingine, tangu akiwa na miaka 16. Alianzisha nyumba yake ya muziki, Age 101, na mwaka 2015 albamu yake ya kwanza ilitoka humo. Hakutaka kampuni kubwa imiliki nyimbo zake. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Lakini uhuru una bei, na mwezi wa nne mwaka 2022 bei hiyo ilionekana wazi. Miezi miwili tu baada ya ule usiku wa BRIT, alikuwa na safari ya kuimba Marekani. Akaivunja. Alieleza bila kuficha kwamba yeye hana kampuni kubwa nyuma yake, analipa kila kitu mwenyewe, na mwezi mmoja kule ungemwachia deni kubwa. Akaongeza kwamba akili yake nayo ingechoka mno.

Fikirieni, wamama. Umepata zawadi, dunia inakupigia makofi, marafiki wanadhani sasa wewe ni tajiri. Na wewe unakaa na kalamu, unapiga hesabu, unaona kwamba ukienda utarudi na madeni. Wengi wangekwenda kwa kuogopa macho ya watu. Mama yeyote aliyewahi kukataa kukopa pesa kwa ajili ya sherehe, wakati ukoo wote unangoja, anajua ugumu wa neno «hapana» hilo.

JINA LILILOFICHWA

Albamu aliyotoa mwezi wa tisa mwaka 2021 inaitwa Sometimes I Might Be Introvert. Maana yake ni kwamba wakati mwingine yeye anaweza kuwa mtu wa ndani, mtu wa kunyamaza. Chukueni herufi ya kwanza ya kila neno: S, I, M, B, I. Ni jina la nyumbani. Humo pia kuna wimbo wa kusifu wanawake, Woman, na video yake aliiongoza mwenyewe.

Mwezi wa kumi mwaka 2022, albamu hiyo ilishinda Mercury, zawadi ile ile ya Dizzee Rascal, pamoja na paundi 25,000. Mwaka ule ule aliovunja safari yake! Mlango mmoja alioufunga kwa akili haukufunga mingine. Mwaka 2024 aliimba kwenye jukwaa kuu la Glastonbury, na mwaka 2025 akatoa albamu nyingine, Lotus.

TUZUNGUMZE KATIKA VIKUNDI

Hatusemi kila mtoto anayeimba jikoni atakuwa Simbi. Wengi hawatakuwa. Lakini tumeona kwamba mtoto huyu hakusimama kwa kipaji peke yake: alikuwa na mama asiyefunga mlango, kituo cha jirani kilichompokea, na ujasiri wa kupiga hesabu yake bila aibu. Mambo hayo matatu hayaanzi kwenye televisheni.

Tunawaachia maswali haya kwa mkutano ujao, kabla au baada ya likelemba:

1. Katika mtaa wetu, mtoto akitoka masomo, anakwenda wapi? Nani mtu mzima anayemwangalia pale?

2. Mtoto wako mkimya ana kitu gani anachokifanya vizuri wakati anadhani hakuna anayemwona?

3. Mara ya mwisho ulisema «hapana» kwa jambo zuri kwa sababu hesabu haikukubali, nani alikusaidia kusimama?

Na mama ambaye jioni hii atamsikia mtoto anaimba nyuma ya nyumba, asimwambie anyamaze mara moja. Asikilize kwanza mpaka mwisho wa wimbo.