Chenga Isiyotanguliwa na Ukweli Haifui Dafu

Neno "chenga" halihitaji kufafanuliwa kwa mwanafunzi yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja wa shule. Ni ile hila ya mchezaji kuinamisha bega upande mmoja kisha akatokea upande wa pili, mlinzi akaachwa akikumbatia hewa. Katika kandanda yetu, chenga ni mali ya mtu mmoja: aliye na kipaji huipiga, asiye nacho hakopeshwi. Lakini uko mchezo ambamo chenga hupigwa na watu 11 kwa mpigo mmoja, tena hufundishwa ubaoni kwa chaki kama ifundishwavyo sarufi. Mchezo huo ni kandanda ya Kimarekani. Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu amefuata nini huko. Nimefuata swali la ufundishaji, na naamini kwamba walimu na wanafunzi wana la kuokota humo hata kama hawatawahi kuugusa mpira ule wenye ncha mbili.

Kanuni zake za msingi si nyingi. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ukifaulu, hupewa mengine manne. Ukishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa katikati ya safu ya mbele kuupitisha mpira nyuma, baina ya miguu yake, hadi kwa kotabeki, ambaye ndiye mwendeshaji wa mchezo. Huyu aweza kuurusha, kukimbia nao, au kumkabidhi mmojawapo wa wakimbiaji waliosimama nyuma. Wenzao wa safu ya mbele kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa miili yao ili njia ipatikane. Basi timu yenye vijana wazito haina haja kubwa ya chenga: huvunja ukuta ikapita. Swali ni hili: mwalimu aliyepewa vijana wembamba, na mbele yao majitu, afanye nini?

Jibu la kwanza ni hila. Mwaka 1903 timu ya shule ya Carlisle, Pennsylvania, ilicheza na Chuo Kikuu cha Harvard. Carlisle ilikuwa shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1879 kwa watoto wa wenyeji asilia wa Marekani, ambako walikatazwa kusema lugha za mama zao. Jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kuinamisha kichwa. Kocha wao, Glenn "Pop" Warner, alikuwa ameagiza fulana ya Charles Dillon ishonwe lastiki. Kipindi cha pili kilipoanza, mpira uliopigwa na Harvard ulidakwa, vijana wakakusanyana, ukasokomezwa mgongoni ndani ya fulana ya Dillon, naye akatimua mbio mikono mitupu hadi mwisho wa uwanja, huku watu wa Harvard wakiutafuta mpira kwa wengine. Hata hivyo, Harvard ndio walioshinda, 12 kwa 11. Hila iliwapa Carlisle alama, haikuwapa ushindi. Na hila ya namna hiyo hufa siku inapojulikana.

Jibu la pili ni mfumo. Unaojulikana mno kati ya mifumo ya chenga za kukimbia na mpira huitwa Wing-T. David Nelson aliuanza akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Maine, akauhamishia Delaware mwaka 1951. Mwenzake Forest Evashevski akautumia kule Iowa, akashinda Rose Bowl mwaka 1957 na tena mwaka 1959. Harold "Tubby" Raymond, aliyemrithi Nelson mwaka 1966, alistaafu baada ya msimu wa 2001 akiwa ameshinda mechi 300. Mfumo huu haukufichwa. Nelson na Evashevski waliuandikia kitabu mwaka 1957, na mpinzani yeyote angeweza kukisoma. Kwa nini, basi, hila ya fulana ilikufa kwa siku moja, na mfumo uliochapishwa vitabuni ukaishi?

Siri imo katika mbinu tatu za ukoo mmoja. Katika ya kwanza, kotabeki huupokea mpira na kuwapa walinzi mgongo. Mkimbiaji wa kati humpita kwa kasi akielekea katikati, mikono imefumbata tumbo kana kwamba amepewa mpira. Hakupewa. Mpira hukabidhiwa mkimbiaji wa kushoto, naye huzunguka upande wa kulia akitanguliwa na wachezaji wawili wa safu ya mbele, waitwao gadi, walioacha nafasi zao ili kumfungulia njia. Kotabeki naye huendelea kukimbia kushoto kana kwamba mpira angali nao. Mbinu ya pili huonekana kuanza vivyo hivyo, ila mara hii mkimbiaji wa kati amepewa kweli, na walinzi waliokimbilia kulia kuuzuia ule mzunguko wameacha mlango wazi. Katika ya tatu, mpira umebaki kwa kotabeki, naye huibukia kushoto ambako wangojaji wamepungua, akiwa na hiari ya kukimbia au kurusha.

Mwanzo mmoja, miisho mitatu. Mtu akitamka neno "ua" kisha akanyamaza, hujui kama anataja ua la bustani, ua wa nyumba, au anatoa amri ya kutisha. Msikilizaji huongoja muktadha. Mlinzi uwanjani hana nafasi hiyo: akingoja, amechelewa, akikisia, huenda amekisia kombo. Ndiyo maana kuujua mfumo hakutoshi kuuzuia.

Sasa, huu hufundishwaje? Kocha mgeni aliyevutiwa na chenga hutamani kuianza chenga siku ya kwanza. Hapo ndipo anapojikwaa. Ufundishaji wa busara huanza na ule mzunguko wa kulia peke yake. Vijana hutembezwa polepole, pasipo mpinzani. Hatua za kotabeki huhesabiwa moja moja. Gadi huelezwa mguu upi utangulie, na apite wapi asigongane na mwenzake. Kisha mwendo huongezwa, kisha wapinzani huwekwa. Mzunguko ule ukishaweza kupata yadi hata mbele ya walinzi wanaojua kwamba unakuja, hapo tu ndipo mbinu ya pili hufunguliwa, halafu ya tatu. Sababu yake ni nyepesi: mtu hadanganyiki kwa tishio asiloliogopa. Ikiwa mzunguko haujawahi kumuumiza, mlinzi atauachiaje mlango wake kwa ajili ya kivuli cha mzunguko? Ukweli hutangulia, chenga hufuata nyuma yake na kula matunda yake.

Hata majina ya mbinu yamepangwa kwa mantiki hiyo. Katika utaratibu wa Delaware, mzunguko huo huitwa 121. Tarakimu ya kwanza hutaja jinsi wachezaji wanavyojipanga, ya pili hutaja ukoo wa mbinu, ya tatu hutaja mahali pa kushambulia, pakihesabiwa 1 hadi 9 kutoka kulia kwenda kushoto. Ni mofolojia, wala si kitu kingine. Sisi husema a-na-soma. Tukibadili kiambishi kimoja tu, a-li-soma, maana hugeuka na mengine yote hubaki. Kijana aliyeelewa viambishi vichache huelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Aliyekariri orodha hupotea linapotajwa lisilokuwamo.

Lipo jambo gumu kuliko hayo yote kulifundisha. Katika kila mbinu yuko kijana anayekimbia bila mpira, akipigwa na kuangushwa na walinzi walioamini kwamba anao. Akikimbia kwa ulegevu, mlinzi humtambua mara moja na mwenzake huangamia. Akikimbia kwa moyo wote, mwenzake hushangiliwa, jina lake yeye lisiandikwe popote, kwani vitabu vya takwimu huhesabu yadi za mwenye mpira tu. Kocha asiyemsifu kijana huyu mbele ya wenziwe hatakuwa na chenga kwa muda mrefu. Chenga nzima imejengwa juu ya mgongo wake.

Wapo watakaouliza kama huku si kuwafunza watoto uongo. Sidhani. Uongo huvunja mapatano. Chenga imo ndani ya mapatano, na mpinzani anaijua tangu alipovaa jezi. Aidha, nisiusifu mfumo huu kupita kiasi. Mlinzi mtulivu aliyefunzwa kuwatazama gadi badala ya kuutazama mpira huufumbua mara nyingi, na timu za kulipwa hutegemea zaidi mipira ya kurushwa. Lakini pale ambapo vijana ni wa kawaida na wakati wa kuwafunza upo, subira yake hulipa.

Nami nikirudi darasani, huwaona wanafunzi wetu wakibeba orodha ndefu za methali na tamathali walizokariri ili kumpiga mtahini chenga, ilhali sentensi sahili ya Kiswahili sanifu bado inawashinda. Huko ni kushona lastiki katika fulana. Huenda ikawapatia alama siku moja. Mwalimu mwenzangu, tuanze na mzunguko mmoja, tuurudie hadi uwe imara, kisha tufungue mlango wa pili. Na tusimsahau yule mtoto wa nyuma darasani anayekimbia kwa nguvu zake zote bila mpira.