Usubi Anayelelewa Mgongoni mwa Kaa

Usubi jike akishakunywa damu hujificha kivulini siku chache, mayai yakikomaa tumboni. Yakishakomaa, hutafuta maji, na hapo ndipo anapokuwa mchaguzi kuliko mdudu yeyote ninayemjua. Dimbwi ambalo mbu angelifurahia, yeye hulipita. Bwawa lililotulia hulipita. Anayotaka ni maji yanayokimbia, yanayogonga mawe na kutoa povu, na maji ya namna hiyo kwetu Afrika Mashariki hupatikana kwa wingi milimani: Usambara, Elgon, Rungwe, na miinuko ya magharibi mwa Kenya.

Sababu ya uchaguzi huo iko kwa mtoto. Lava wa mbu huogelea na kupanda juu kuvuta hewa, lakini lava wa usubi maisha yake yote hukaa chini ya maji, amejishika mahali pamoja. Oksijeni huipata kutoka majini kupitia ngozi, na maji yaliyotulia hayana oksijeni ya kumtosha. Chakula nacho hakifuati. Husubiri kiletwe na mkondo. Kichwani ana vishungi viwili vya vinyweleo anavyovikunjua na kuvikunja, akichuja mwani, bakteria na chembechembe nyingine zinazopita. Mkondo ukikatika, anakufa njaa kabla hajakosa pumzi, au anakosa pumzi kabla ya njaa. Vyovyote vile hafiki mbali.

Swali la kwanza la mtu aliyewahi kuvuka mto wa mlimani ni moja: mbona hasombwi? Mwisho wa mwili wake, upande wa mkia, kuna duara la kulabu ndogo zinazoonekana kwa hadubini tu. Lava hutema hariri kutoka kinywani, huibandika kwenye jiwe au jani, kisha huzamisha kulabu zake ndani ya ile hariri. Akitaka kuhama, hutema hariri mahali pengine, akajikunja na kujivuta. Akishtuka, hujiachia na kuning'inia kwenye uzi wake mkondoni, halafu hurudi akiupanda uzi uleule. Ukigeuza jiwe la kijito chenye kasi ukaona vitu vidogo vya rangi ya kijivu, vinene upande wa mkia, vikiyumba pamoja kufuata maji, huenda ndio hao.

Usubi wa kundi la Simulium damnosum, ambao wameenea sana barani, hutaga jua linapozama. Majike hufika kwa wakati mmoja kwenye majani na vijiti vinavyogusa maji ya maporomoko, na kila mmoja huacha mamia ya mayai yaliyofungwa katika ute unaonata. Wengi hutaga mahali pamoja kwa sababu mayai mabichi hutoa harufu inayowavuta majike wengine. Mayai ya mwenzako ni ushahidi kwamba mahali hapa pamekaguliwa, na mdudu asiye na muda wa kupoteza jioni hiyo huukubali ushahidi huo.

Kuna aina nyingine, Simulium neavei na ndugu zake, ambayo iliwatesa watafiti kwa miongo. Ilielezwa kisayansi mwaka 1915. Ilijulikana kwamba huuma watu katika misitu ya vijito huko Nyanza, Kenya, na kwamba huambukiza upofu wa mtoni, ule ugonjwa unaojulikana Tanzania kwa jina la mdudu mwenyewe, usubi. Lakini wanawe hawakuonekana. Mawe yaligeuzwa, majani yakakaguliwa, mizizi iliyoning'inia majini ikapekuliwa. Walipatikana lava wa usubi wa aina nyingine chungu nzima. Wa huyu hawakupatikana.

Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba alishindwa vitani kabla makao yake hayajajulikana. Mwaka 1946 watafiti Garnham na McMahon walitia DDT katika vijito vya bonde la Kodera, Nyanza, wakijua tu kwamba lava lazima wawe mahali fulani ndani ya maji hayo. Usubi wakatoweka Kodera. Mwaka 1950 ndipo van Someren na McMahon walipotangaza walichokipata: lava na pupa wa S. neavei walikuwa juu ya magamba ya kaa wa mtoni. Watu walikuwa wakikagua mawe huku kaa wakiwakimbia miguuni.

Mtu akishika kaa kama huyo na kumtazama kwa makini, huwakuta lava pembeni mwa kinywa, kwenye mashina ya miguu na makucha, na kando za gamba. Pupa nao wapo, kila mmoja ndani ya kifuko cha hariri kilichofumwa kama ndara, nyuzi za kupumulia zikichomoza mbele. Usubi mzima anapotoka humo hupanda juu ndani ya kiputo cha hewa, na kiputo kikipasuka huruka papo hapo, bila hata kulowa.

Mara nyingi husemwa kwamba usubi huyu hutaga juu ya kaa. Sivyo. Mayai hutagwa kijitoni. Anayetafuta kaa ni mtoto mwenyewe, akiwa mdogo kuliko punje ya mtama, mara tu baada ya kuanguliwa. Kwa hiyo uchaguzi umegawanywa. Mama huchagua kijito: chenye kivuli cha msitu, kisichokauka kiangazi, chenye kaa. Mtoto huchagua kaa. Mama akikosea, mtoto hana la kufanya.

Faida za kumpanda kaa si ngumu kuziona. Mvua kubwa ikileta tope linalofunika mawe, kaa husogea. Maji yakipungua, kaa hufuata kina. Hasara yake ni kwamba kaa hubadilisha gamba anapokua, na abiria wote hubaki kwenye gamba lililotupwa. Kaa wadogo hubadilisha mara nyingi, wakubwa mara chache, na ndiyo maana lava huonekana zaidi kwa wakubwa. Raybould, aliyefanya utafiti wake Amani, Usambara Mashariki, katika miaka ya 1960, aliwachunguza kaa wa vijito vya huko na abiria wao kwa undani. Huko anayeambukiza ni Simulium woodi, wa ukoo uleule wa wapanda kaa.

Kwa binadamu haya yote yana uzito kwa sababu ya mnyoo, Onchocerca volvulus. Usubi humeza vitoto vya mnyoo akimuuma mgonjwa na kuvipeleka kwa mwingine. Mnyoo jike huishi ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka kumi au zaidi, akizaa vitoto vinavyosambaa mwilini: muwasho usiolaza mtu, ngozi inayobabuka na kuwa na madoa kama ya chui, na vikifika machoni kwa miaka mingi, upofu. Dawa ya ivermectin, inayotolewa bure tangu 1987, huua vitoto lakini humwacha mnyoo mzima hai, kwa hiyo humezwa mwaka baada ya mwaka. Mchuma chai au iliki anayefanya kazi kando ya msitu anaweza kuambukizwa tena palepale, ikiwa usubi bado yupo.

Hapo ndipo udhaifu wa yule mchaguzi unapojitokeza. Kundi la S. damnosum hutaga katika mito mikubwa kwa midogo, na wengine husafiri mamia ya kilomita na upepo. Mpango wa kuwadhibiti Afrika Magharibi ulinyunyizia mito kwa ndege miaka mingi. S. neavei hatoki mbali na msitu wake. Kenya ilimmaliza katikati ya miaka ya 1950, kijito baada ya kijito. Uganda nayo, kuanzia miaka ya 1990, ilitumia dawa ya temephos, isiyodumu mazingirani kama DDT, sambamba na ivermectin, na imemwondoa Itwara na kwenye miteremko ya Elgon. Misitu ilipokatwa naye alitoweka, ingawa sioni sababu ya kushangilia tiba inayoondoa na mto wenyewe.

Ili kujua kama kweli ameondoka, wakaguzi wa Uganda hawategemei tu kuwanasa usubi wanaokuja kuuma watu, kwani wakiwa wachache unaweza kukaa kutwa nzima kando ya kijito usione hata mmoja. Hutega kaa kwa migono yenye chambo cha nyama, huwageuza mmoja mmoja wakitazama kinywa na mashina ya miguu, kisha huwarudisha majini. Kaa mdogo mwenye gamba safi hawaelezi mengi, maana huenda amelivua lile la zamani juzi tu. Wanayemtaka ni mkubwa, mwenye gamba kuukuu, aliyekaa nalo muda mrefu katika kijito hicho bila kupandwa na yeyote.