Besi yetu ilikwenda Ruziba: tulinunua nini?



Wengi mmekuwa mkitusimamisha njiani, kwenye bomba la maji na hata kwenye mstari wa chakula, mkiuliza: "Ile pesa ya besi imefika wapi?" Swali lenu ni la haki. Familia 14 zilichanga kwa miezi mitatu, na kati yao kuna mama aliyetoa pesa ya madaftari ya watoto akisema atangoja. Basi mwezi huu tunaeleza safari ya besi mpaka Ruziba, kitu kilichowekwa ndani yake, na kama kweli kinafaa. Hatutasifu tu. Pale tulipokosea tutasema.

Shida ilikuwa gani

Besi yenyewe mnaijua. Ni ya Mzee wetu wa kwaya. Aliivusha mto Ruzizi kutoka Uvira ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, na siku alipoikabidhi kwa vijana alitoa sharti moja: "Mtaicheza, lakini msiitoboe." Ina nyuzi nne, mikro moja, na buto mbili za kuzungusha, moja ya sauti na moja ya toni.

Tangu mwaka jana besi ilikuwa inanguruma hata kama hakuna anayeipiga. Ukigusa jeki, inapasuka pasuka. Tena kuna jambo la pili. Ampli yetu inakaa nyuma karibu na ngoma, na mpiga besi anasimama mbele na waimbaji, kwa hiyo tuliunganisha kebo mbili za mita 6. Sauti ilipofika kwenye bafle ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kwenye harusi ya mwezi wa nane bibi harusi mwenyewe aliuliza kama besi imezimwa.

Kijana mmoja aliyewahi kuishi Bujumbura akasema, "Hiyo inataka priampu." Sote tukaitikia. Hakuna aliyeuliza swali la pili, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Priampu ni kitu gani

Tuelezane polepole, maana si kila mtu ni fundi. Mikro ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya ule waya. Ni mdogo kweli na unachoka upesi. Kebo nayo ina tabia ya kunywa sehemu ya juu ya sauti, ile inayofanya kila noti isikike wazi. Kebo ya kawaida ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita moja. Yetu ya mita 12 inafika 1,200, na hiyo inatosha kuifunika sauti.

Priampu ni kibao kidogo cha elektroniki kinachokaa ndani ya gitaa na kula betri ya volti 9, lile jiwe la mraba. Inaupokea umeme wa mikro kabla haujaanza safari na kuutia nguvu. Ni kama kumpa msafiri chakula nyumbani, badala ya kungoja aanguke njiani. Pia inakupa buto ya sauti nzito na ya sauti nyembamba, kila moja peke yake, na unaweza kuongeza. Toni ya kawaida isiyo na betri inajua kupunguza tu.

Jambo hili si la jana. Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa lake la besi mwaka 1951, bila betri yoyote. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa besi ya StingRay, naye Fender akiwa mmoja wa walioibuni, ikiwa na priampu na betri ndani. Lakini tukumbuke pia kwamba OK Jazz ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1956, miaka 20 kabla ya hiyo StingRay, na watu walicheza rumba mpaka asubuhi. Priampu ni msaada. Muziki ulikuwepo.

Kwa fundi wa Ruziba

Tulipata karatasi za kutoka kambini, tukapita Gitega, tukashuka milima mpaka Bujumbura. Priampu tuliinunua mjini siku ya kwanza, kwa haraka, na muuzaji alituambia wazi kwamba ikishatoka dukani hairudi. Kesho yake tukashika barabara ya Rumonge, tukapita Kanyosha, tukafika Ruziba kabla ya saa sita. Fundi wetu anatengeneza redio, simu na magitaa kwenye kibanda kimoja, na harufu ya ndagala inakuja kutoka upande wa ziwa.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro. Karibuni, wandugu. Mgonjwa yuko wapi?"

Tukampa besi na pakiti ya priampu. Pakiti akaiweka kando bila kuifungua. Akachomeka besi kwenye ampli yake ndogo, akamwambia kijana wetu, "Shika nyuzi." Kijana akashika. Mngurumo haukupungua hata kidogo.

"Mmeona? Mkono wako ukigusa nyuzi, mngurumo unatakiwa kushuka. Haushuki kwa sababu waya wa masi umekatika."

Akafungua. Kweli, ule waya mwembamba unaotoka kwenye buto kwenda chini ya bridji, pale nyuzi zinapofungwa, ulikuwa umeachana. Kwenye jeki lehemu ilikuwa imepasuka. Buto ya sauti ilikuwa imejaa vumbi. Akalehemu sehemu mbili, akasafisha ya tatu, akafunga. Haikuchukua saa moja.

"Cheza sasa."

Wandugu, besi ilinyamaza kabisa, halafu ikaimba. Tuliangaliana. Priampu ilikuwa bado kwenye pakiti yake. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo, "Na madaftari ya mama?" Hakuna aliyejibu.

Fundi alituonea huruma. "Mngeanzia hapa," alisema. "Lakini msikate tamaa. Ile kebo yenu ya mita 12 haijapona. Hapo priampu ina kazi."

Sharti la Mzee

Kuiweka kulileta swali lingine. Betri itakaa wapi? Mafundi wengi wanachimba kishimo nyuma ya gitaa na kukifunika kwa plastiki, ili betri ibadilishwe kwa kufungua skrubu mbili. Ni njia nzuri. Lakini tulikuwa na sharti. Tukampigia Mzee simu.

"Mti ukichimbwa unarudi?" aliuliza.

"Haurudi, Mzee," fundi akajibu.

"Basi tafuta njia nyingine, mwanangu."

Fundi hakukasirika. Akatoa ile plastiki kubwa ya mbele, akapima. Kwa bahati, waliotengeneza gitaa hili walichimba nafasi pana kuliko ilivyohitajika. Akitumia buto ndogo, betri inaingia pembeni ikiwa imezungushiwa sponji isigonge mbao. Hasara yake ni hii: siku ya kubadilisha betri lazima ulegeze nyuzi na kufungua skrubu zote za mbele. Tulikubali.

Kazi ilikwenda hivi. Waya wa mikro ukaingia kwenye priampu. Buto ya toni ikatolewa, na pahali pake ikawekwa buto ya ghorofa, moja juu ya nyingine, ya chini kwa sauti nzito na ya juu kwa sauti nyembamba. Hakuna tundu jipya. Jeki ikabadilishwa na kuwekwa ile ya miguu mitatu. Mguu wa tatu unabeba upande wa hasi wa betri, kwa hiyo ukichomeka kebo priampu inawaka, ukichomoa inazimika. Katikati ya kazi umeme ulikatika, pasi ya kulehemu ikapoa, nasi tukala ndagala kwa saa mbili tukingoja urudi.

Mwisho fundi aliongeza kitu ambacho hatukuomba. Buto ya sauti aliyoweka inavutika juu. Ukiivuta, priampu inarukwa na besi inafanya kazi kama zamani, bila betri. "Betri haichagui siku ya kufa," alisema. "Inaweza kufa kwenye harusi."

Tulivyoipima

Tuliporudi tuliwaita watu 9 kwenye ukumbi: waimbaji, wazazi wawili, watoto watatu na Mzee mwenyewe. Wote waligeuza mgongo. Kijana alicheza wimbo mmoja mara mbili, mara moja na priampu na mara moja bila, bila kusema ipi ni ipi.

Kabla ya hapo tulifanya kama fundi alivyotufundisha: kwenye priampu kuna skrubu ndogo ya nguvu, tukaizungusha mpaka sauti zote mbili zikawa na ukubwa sawa. Sikio linadanganyika. Kinachosikika juu kidogo linakiita kizuri. Wenyeji wetu Warundi wanalijua hili katika inanga yao: mpigaji ananong'ona badala ya kuimba kwa nguvu, kwa sababu sauti ya nyuzi ni ndogo na haitaki kufunikwa. Watu wanasogea, wanasikiliza.

Mara ya kwanza tulitumia kebo ya mita 3. Watu 5 walipenda priampu, 4 walipenda bila. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu.

Mara ya pili tuliweka kebo zote mbili, mita 12. Watu 8 kati ya 9 walichagua priampu. Mtoto mmoja alisema, "Sasa nasikia vidole."

Mara ya tatu tulizungusha buto ya sauti nzito mpaka mwisho, vile vijana wanavyopenda. Watu 7 waliikataa. Uzi mnene wa besi unatikisika karibu mara 41 kwa sekunde, na bafle yetu ndogo haiwezi kuutoa mngurumo huo. Ukiisukuma kwa nguvu inakohoa tu. Tangu siku hiyo buto ile inakaa katikati, tena kidogo.

Na betri je? Fundi alipima kwa mita yake akakuta priampu inakula karibu miliampea 1. Betri nzuri ya alkalini ya volti 9 inabeba karibu miliampea 500 kwa saa, yaani masaa kama 500. Tukicheza saa 8 kwa wiki, inaweza kupita mwaka. Lakini ukisahau kebo imechomekwa usiku na mchana, inakwisha kwa wiki tatu hivi. Zile za bei rahisi zinakufa mapema zaidi.

Hesabu yetu kwenu

Tuseme wazi. Mngurumo na kupasuka pasuka viliondoka kwa kulehemu, kazi ya chini ya saa moja, na malipo yake yalikuwa sehemu ndogo sana ya mchango wenu. Priampu ilituondolea blanketi la kebo ndefu, na hilo tu. Tungekwenda kwa fundi kwanza na dukani baadaye, tungenunua tukijua tunanunua nini, au tungesogeza ampli mbele na kungoja mwaka mwingine.

Yule mama tulimweleza yote haya nyumbani kwake. Akatuangalia. "Kwa hiyo mlinunua dawa kabla ya kumwona daktari?" Tukasema ndiyo, mama. Kamati ilikuwa imebakiza pesa kidogo ya kununua kebo mpya. Tumeamua madaftari kwanza, na amekwisha kurudishiwa. Kebo itangoja.

Kwa yeyote mwenye gitaa lenye shida nyumbani, tunaacha haya:

1. Jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu gitaa.
2. Gusa nyuzi. Mngurumo usiposhuka, tafuta waya wa masi.
3. Zungusha buto mara nyingi, zikikwaruza, zisafishwe.
4. Ukiweka priampu, omba njia ya kuiruka betri ikifa.
5. Ukimaliza kucheza, zima ampli, halafu chomoa kebo kwenye gitaa. Kila siku.

Hiyo ya tano tumempa mtoto wa mwisho wa kundi, mwenye miaka 11. Tumepigilia msumari ukutani, na kebo ikining'inia pale kila mtu anajua betri imelala. Mpaka leo hajasahau hata mara moja. Mzee anapita jioni kuangalia msumari, halafu anageuza besi na kupapasa mgongo wake kwa mkono. Hakuna tundu.

Mwenye swali kuhusu pesa hizi aje, daftari la hesabu liko wazi kwa kila familia iliyochanga.