Okteni ya Juu na Magari ya Kasi

Mwenye gari la kasi hupenda kulizidishia nguvu. Hulipeleka kwa fundi, kompyuta ya injini ikapangwa upya, moto wa plagi ukatangulizwa na msukumo wa turbo ukaongezwa. Kisha huambiwa kwamba tangu siku hiyo asitie ila petroli yenye okteni ya juu. Je, gharama hiyo inalipa? Swali hili linawahusu vijana wetu wenye magari, na linawahusu vile vile wakuu wenye dhamana ya mafuta yaingiayo katika visiwa vyetu.

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana moja iliyoenea. Okteni si kipimo cha nguvu. Namba hiyo hupima uvumilivu, yaani kadiri petroli inavyoweza kubanwa na kupashwa moto ndani ya silinda bila ya kuripuka yenyewe kabla mwako ulioanzia kwenye plagi haujaifikia. Ikiripuka hivyo, injini hugonga. Na injini inayogonga sana chini ya mzigo mkubwa huweza kutoboka pistoni. Nguvu basi haitoki katika namba iliyoandikwa kwenye pampu. Hutoka katika injini iliyojengwa, au iliyorekebishwa, ili kuutumia uvumilivu huo.

Ushahidi upo. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, nacho hakikuona faida yoyote ya kuyatilia petroli ya bei ya juu. Mwaka 2017 kilipima yale ambayo watengenezaji wake wanapendekeza petroli hiyo ya juu. Kwa wastani nguvu ziliongezeka kwa asilimia 1.4 tu, na umbali kwa kila kiasi cha mafuta kwa asilimia 2.7. Haya ni magari ambayo hayakuguswa na fundi. Gari lenye turbo likirekebishwa na fundi anayejua kazi yake hupata zaidi ya hayo, na tofauti huonekana barabarani. Gari lisilo na turbo hupata kidogo, mara nyingi kisicholingana na fedha zilizotumika.

Lakini liko jambo ambalo mtu wa bara kubwa halazimiki kulifikiri sana, nasi wa visiwani tunalazimika. Kurekebisha injini ni kufunga mkataba na mafuta. Nchini Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu yaliyokwisha kutumika, petroli ya kawaida ina okteni ipatayo 90 na ile ya juu hufikia 100 hivi, na magari ya kasi ya huko hupangwa kwa hiyo ya juu. Mwenye gari wa Tokyo akikosa mafuta katika kituo kimoja huenda cha pili. Mkaazi wa Unguja au Pemba hutia kilicholetwa na meli. Siku akitia petroli ya chini, mkataba umevunjika. Ni kweli kwamba magari mengi ya kisasa yana kifaa cha kusikia injini ikigonga na kuuchelewesha moto. Lakini hapo nguvu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hupotea, na kinga hiyo nayo ina mpaka wake.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Gari la familia liachwe kama lilivyotoka kiwandani. Gari la kasi lililoundwa kwa okteni ya juu lipewe haki yake ikiwa mafuta hayo yanapatikana. Yasipopatikana, fundi alipange kwa petroli ipatikanayo siku zote, naye abakishe nafasi ya usalama. Wasemao wahenga, usiache mbachao kwa msala upitao. Wala tusitegemee dawa za chupa za kuongeza okteni bila ya kuuliza zina nini. Dunia ilitia risasi katika petroli kwa ajili hiyo hiyo tangu miaka ya 1920, ikawadhuru watoto kwa sumu, na nchi ya mwisho, Algeria, iliiacha mwaka 2021 tu.

Kwa upande wa Serikali, Mamlaka ya ZURA hutangaza bei ya mafuta kila mwezi, na hilo ni jema. Tunaomba namba ya okteni nayo itangazwe pamoja na bei, iandikwe penye kila pampu kwa herufi zinazosomeka, na ipimwe mara kwa mara ili iaminike. Mnunuzi anajua analipa kiasi gani. Ni haki yake pia kujua ananunua nini. Bila ya namba hiyo, fundi hodari hupanga injini kwa kubahatisha, na hasara humwangukia mwananchi.